Barua Inayosubiri Jibu: Uhakiki wa Mchezo wa Dhima katika Ufundishaji wa Uandishi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika shule za sekondari za Tanzania, mwanafunzi wa somo la Kiswahili huandika barua nyingi ambazo hazimfikii mtu. Humwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa asiyekuwapo, humlalamikia mhariri wa gazeti lisilochapishwa, na humwalika rafiki wa kubuni katika harusi isiyofungwa. Mwalimu huzisoma barua hizo zote, lakini hazisomi kama mkuu wa shule, wala kama mhariri, wala kama rafiki. Huzisoma akitafuta anwani, tarehe, kichwa cha barua, kiini na saini. Barua ikishapewa alama, kazi yake imekwisha.

Mwandishi wa makala haya alifundishwa hivyo, na baadaye akafundisha hivyo hivyo. Nikiwa mwanafunzi niliandika kwa bidii simu ya maandishi, kwa herufi kubwa, nikihesabu maneno ili gharama isizidi, ilhali sikuwa nimewahi kuiona simu ya maandishi ikitumwa wala ikipokelewa popote. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza inapelekwa wapi.

Makala haya yanahakiki pendekezo ambalo hutolewa mara kwa mara na wanaotafuta njia ya kutoka katika hali hiyo, yaani pendekezo la kutumia michezo ya kuigiza dhima katika kufundisha uandishi. Pendekezo hili lina nguvu, lakini nguvu yake mara nyingi hutafutwa mahali pasipo penyewe. Hudhaniwa kwamba mwanafunzi akivaa dhima ya mtu mwingine atachangamka, na akichangamka ataandika vizuri. Hoja ya makala haya ni kwamba uigizaji peke yake haumfundishi mtu kuandika. Kinachofundisha ni hali ya andiko kuwa hatua ndani ya mchezo ambao mwisho wake haujulikani, hata na mwalimu. Kigezo hicho ndicho kitakachotumika kupima igizo dhima la darasani, ngonjera, michezo ya kihistoria inayotumika katika vyuo vya Marekani, na mchezo mmoja nilioutunga na kuuendesha mwenyewe, pamoja na makosa yake.

2.0 Igizo dhima na mchezo wa dhima

Ni vema kutenganisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Igizo dhima ni mbinu ya kufundishia inayotajwa katika miongozo ya walimu, na ilipata msukumo zaidi baada ya mihtasari ya sekondari ya mwaka 2005 kusisitiza ujenzi wa umahiri na ushiriki wa mwanafunzi. Katika darasa la kawaida mbinu hii hutekelezwa hivi: wanafunzi wawili huitwa mbele, mmoja akapewa dhima ya daktari na mwingine ya mgonjwa. Huzungumza kwa dakika tano, darasa likacheka, kisha mwalimu akaagiza, "Sasa andikeni mazungumzo mliyoyasikia." Hapa uandishi ni kivuli cha usemi. Kilichokuwa na uhai kimekwisha kutokea kabla kalamu haijagusa karatasi, na mwanafunzi anabaki kuwa karani wa tukio lililopita. Wenzake waliobaki wameketi hawakuwa na dhima yoyote ila ya watazamaji.

Mchezo wa dhima, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni jambo jingine. Umbo lake la kisasa huhusishwa na Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ambao ulichipuka kutokana na michezo ya kuigiza vita kwa sanamu ndogo juu ya meza. Kila mchezaji hubuni mhusika mwenye uwezo na udhaifu wake; kiongozi wa mchezo hueleza mazingira na kuwasemea wahusika wengine wote; na jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu. Mazimwi na mapango ya mchezo huo hayatuhusu. Kinachotuhusu ni kwamba kiongozi mwenyewe, ajapokuwa ameandaa kila kitu, hajui hadithi itaishia wapi.

Roger Caillois, katika kitabu chake kuhusu michezo na wanadamu kilichotoka Ufaransa mwaka 1958, aliigawa michezo katika makundi manne: ya ushindani, ya bahati, ya uigaji na ya kizunguzungu. Kwa uainishaji huo, igizo dhima la darasani lina uigaji tu. Mchezo wa dhima una uigaji, na juu yake umeongezewa ushindani wa malengo na nafasi ya bahati. Nyongeza hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomlazimu mchezaji kupanga, kushawishi na kubadili mkakati.

Mambo haya si mageni kwetu. Watoto wanaocheza kibaba na kimama hugawana dhima, hugombania nani awe baba, na mchezo huvunjika anayeigiza mtoto anapokataa kulala kwa amri. Katika vitendawili, asiyejua jibu hudaiwa mji, na aliyepewa mji husimulia alivyofika huko na alivyopokewa kabla ya kufumbua. Simulizi hiyo fupi hubuniwa papo hapo, na msimulizi huipata nafasi hiyo kwa sababu mwenzake ameshindwa. Vitabu vya shule huutaja mji kama kipengele cha utaratibu tu na kupita. Mimi nadhani ndiyo sehemu ya kitendawili iliyo karibu zaidi na utunzi, na sijui kwa nini hatuwapi wanafunzi kazi ya kuiandika.

3.0 Ngonjera na mwisho ulioandikwa tayari

Mhakiki anayetafuta mzizi wa mchezo wa dhima katika fasihi ya Kiswahili ataiendea kwanza ngonjera, na ana sababu. Mathias Mnyampala (1917–1969) aliifanya ngonjera kuwa utanzu wa shule na wa hadhara. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilitumika kueneza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Wanafunzi walisimama mbele ya wageni, kila mmoja na dhima yake, wakapokezana beti. Upande mmoja haujui au unapinga. Upande wa pili unajua na unaelimisha. Mwishowe asiyejua hukubali na wote huimba pamoja.

Kwa umbo la nje, hapa pana kila kitu: wahusika, mgogoro, zamu za kusema na lugha iliyopangwa. Aidha, si haki kuubeza utanzu huu. Umewafundisha vizazi kadhaa vya Watanzania mizani na vina kwa sikio kabla ya kwa kanuni, na umewapa watoto wanyamavu sauti mbele za watu. Hata hivyo, tukiutazama kama njia ya kufundishia uandishi, una kasoro ya msingi. Mwisho wake umekwisha kuandikwa. Mimi niliwahi kupewa dhima ya mlevi katika ngonjera ya siku ya kufunga shule, na nilijua tangu mazoezi ya kwanza kwamba katika ubeti wa mwisho nitaacha pombe. Mgeni rasmi naye alijua.

Athari ya jambo hilo katika utunzi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayetunga beti za upande utakaoshindwa hana sababu ya kuzifanya ziwe na nguvu. Kinyume chake, hoja ikiwa nzito mno itaharibu ubeti wa mwisho. Ndiyo maana walevi, wavivu na wapinga maendeleo wa ngonjera za shule hufanana hata pale ngonjera zinapotungwa na watu tofauti katika mikoa tofauti. Mwanafunzi akipewa kazi ya kutunga ngonjera mwenyewe, umbo lenyewe humwambia nani ashinde. Anachojifunza ni kupanga vina kwenye njia iliyonyooka.

Mzizi ulio karibu zaidi na mchezo wa dhima uko kwingine, nao ni majibizano. Mashairi yaliyokusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995) yalipelekwa na kurejeshwa kati ya Mombasa, Pate na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Pate zilipoikabili Lamu. Muyaka bin Haji alikuwa upande wa Mombasa, na Zahidi Mngumi alikuwa upande wa Lamu. Shairi lilifika likiwa fumbo. Mpokeaji alipaswa kulifumbua, kisha kujibu ndani ya taswira ile ile aliyoletewa, na aliyeshindwa kujibu alishindwa mbele ya mji wake. Hakuna aliyejua, beti zilipokuwa zikitungwa, kama Lamu ingesalimu amri. Kila upande ulilazimika kuichukulia hoja ya mwenzake kwa uzito wote, kwa kuwa mwenzake hakuandikiwa ushinde. Desturi hiyo haikufa. Kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 huko Tanganyika, ziliendeleza kujibizana kwa watu wasiowahi kuonana.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba Muyaka na Zahidi hawakuwa wakiigiza. Pingamizi hilo ni la kweli kwa kiasi. Walisema kwa ajili ya miji yao, na vita vyao vilikuwa vita. Lakini kinachotafutwa hapa ni hali inayomfanya mtu aandike kwa akili yake yote, na hali hiyo inapatikana katika majibizano kuliko katika ngonjera, ijapokuwa ngonjera ndiyo yenye maleba.

4.0 Wasioamua

Mfano wa kisasa ulioandikiwa zaidi ni ule wa Mark C. Carnes, mwanahistoria wa Barnard College, New York, ambaye katika miaka ya 1990 alianza kuendesha madarasa kwa njia ya michezo ya kihistoria. Wanafunzi hupelekwa Athens ya mwaka 403 kabla ya Kristo, demokrasia ikiwa ndiyo kwanza imerudishwa, au Paris ya mwaka 1791. Kila mmoja hupokea karatasi ya dhima yenye malengo ambayo wengine hawayajui. Husoma Plato au Rousseau kwa sababu anahitaji silaha. Vikao huendeshwa na wanafunzi wenyewe, na mwalimu, sasa akiwa kiongozi wa mchezo, hukaa nyuma akipitisha vikaratasi. Katika mchezo wa Paris, makundi huchapisha magazeti yao na kushambuliana humo.

Kati ya pande zinazopingana, Carnes huweka wahusika ambao hawajaamua. Dhima zao zinawataka wasikilize na wasome kabla ya kupiga kura. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ulipo moyo wa mbinu nzima. Mwandishi wa gazeti la darasani hamwandikii mwalimu, ambaye anajua tayari, wala wa upande wake, ambaye amekubali tayari, wala mpinzani, ambaye hatakubali kamwe. Anamwandikia mtu ambaye kura yake inaweza kupatikana au kupotea kwa aya moja. Mafunzo yetu ya uandishi hutaja hadhira katika kila orodha ya vipengele. Ni nadra hadhira hiyo kupewa uwezo wa kukataa.

Kitabu cha Carnes, Minds on Fire (2014), kinadai mengi: kwamba michezo hii huondoa haya, hujenga uongozi, hufundisha kushindwa. Sina sababu ya kuyakana. Lakini Carnes anaandika kama mtu aliyeongoka, na kitabu chake kina ushuhuda wa wanafunzi kwa wingi kuliko uchambuzi wa maandiko ya wanafunzi hao. Tunaambiwa kwamba waliandika zaidi ya walivyotakiwa. Hatuonyeshwi vya kutosha sentensi zao zilibadilika vipi. Isitoshe, mbinu yake inategemea madarasa madogo na usomaji mwingi wa vitabu ambavyo kila mwanafunzi anavyo mkononi. Anayetaka kuihamishia katika shule ya kata atakwama siku ya kwanza.

Kwa upande wa idadi, Dorothy Heathcote wa Uingereza (1926–2011) anatufaa zaidi. Katika utaratibu wake alioufananisha na kuvaa joho la mtaalamu, darasa zima hupewa dhima moja ya pamoja, kama kundi la wataalamu wanaomhudumia mteja wa kubuni. Dhima inapokuwa ya kundi, wanafunzi sitini si kikwazo tena. Wanakuwa makundi sita au saba yenye barua za kuandikiana.

5.0 Kumbukumbu za mkutano wa kijiji

Kabla ya kuanza masomo ya uzamivu nilifundisha Kidato cha Pili katika shule iliyokuwa eneo la wakulima na wafugaji. Mada iliyokuwa mbele yetu ilikuwa uandishi wa kumbukumbu za mikutano na barua rasmi, na darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini. Nilibuni kijiji chenye mashamba ya mpunga na lambo moja. Nililigawa darasa katika wakulima, wafugaji, Halmashauri ya Kijiji, Baraza la Ardhi, wafanyabiashara wa gulio, na wanakijiji wasio na shamba wala ng'ombe. Hao wa mwisho walikuwa wasioamua wangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Nililiunda la darasani vivyo hivyo. Dadu iliamua mvua. Ikianguka moja au mbili, lambo limekauka na njia ya mifugo lazima ipite penye mashamba.

Kanuni kuu ilikuwa moja: neno la mdomo lina nguvu siku lilipotamkwa tu, kikao kinachofuata huamua kwa kutegemea kilichoandikwa.

Kikao cha kwanza kilikuwa na kelele kama ilivyotarajiwa. Katibu, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliandika kumbukumbu ambazo kwa muundo hazikuwa na dosari: kichwa, mahudhurio, ajenda, yatokanayo, kufunga kikao. Zingepata alama zote katika mtihani. Maelezo ya wakulima yalichukua karibu ukurasa mzima. Maelezo ya wafugaji yalikuwa mstari mmoja, usemao kwamba wafugaji walitoa malalamiko yao. Kumbukumbu ziliposomwa katika kipindi kilichofuata, mvulana aliyekuwa mzee wa wafugaji alisimama akauliza maneno yake yamekwenda wapi. Katibu akamjibu, "Uliongea sana." Darasa lilicheka, akaketi.

Asubuhi ya pili nilikuta karatasi mezani kwangu. Ilikuwa barua rasmi kwa mwenyekiti wa kijiji, ambayo hakuna aliyeiagiza, ikitaka kumbukumbu zirekebishwe kabla hazijathibitishwa. Mvulana huyo nilimjua kwa insha zilizoanza kwa kuchukua fursa hii na kuishia kwa kutoa wito kwa jamii. Barua hii ilianza kwa tarehe ya kikao. Ilitaja mambo matatu aliyoyasema, kwa utaratibu aliouyasemea, na kwa kila moja ikaeleza kijiji kitapata hasara gani likiachwa nje. Hakuandika "nilisema"; aliandika "tulisema." Hapakuwa na neno moja la mapambo. Palikuwa pia hapana anwani ya mwandishi, na kichwa cha barua kilikosekana.

Nilifanya nilichozoea. Nilichukua kalamu nyekundu, nikazungushia nafasi iliyo wazi ya anwani, nikaandika 11 juu ya 20, nikamrudishia. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwenyekiti amekataa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Alama yangu ilikuwa imeingia ndani ya mchezo bila kualikwa na imesomwa kama uamuzi. Nilimwomba radhi, nikaipeleka barua kwa kundi la Halmashauri kama ilivyostahili tangu mwanzo. Wao waliirudisha kwa sababu ambayo sikuitegemea: hawakujua wamjibu wapi, kwa kuwa haikuwa na anwani. Aliiandika upya na anwani mbili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimezifundisha anwani hizo kama sharti la kupata alama, na hakuna siku nilipomweleza mwanafunzi kwamba ya kwanza ipo ili jibu lipate njia ya kurudi.

Yaliyofuata ndiyo niliyojifunza zaidi. Katibu alitakiwa kuandika upya sehemu ya wafugaji, akaandika kwamba "walidai" njia ya mifugo ilikuwapo kabla ya mashamba. Wafugaji wakakataa. Walisema "walidai" linamwambia msomaji asiamini. Walitaka "walithibitisha." Wakulima nao wakalikataa hilo, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi uliotolewa. Likapendekezwa "walilalamika," ambalo wafugaji walisema linawafanya watoto. Mabishano juu ya kitenzi kimoja yalimaliza nusu ya kipindi, mpaka mjumbe mmoja wa Baraza la Ardhi alipopendekeza "walieleza," na likakubaliwa kwa manung'uniko ya pande zote. Vitenzi hivyo vinne vyote nilikuwa nimewahi kuvitumia ubaoni katika somo la kauli halisi na kauli taarifa, kana kwamba vinaweza kubadilishana nafasi. Kwa darasa lile havikuweza tena.

6.0 Mipaka

Pingamizi la muda na la wingi wa mada litanipita haraka. Mchezo ule ulichukua vipindi sita. Ndani yake ziliandikwa kumbukumbu, barua rasmi, matangazo na hotuba, ambazo katika azimio la kazi zilikuwa mada nne.

Pingamizi zito zaidi ni la upande wa uchungu. Kabla ya mchezo kuanza nilipanga dhima kwa kugeuza: watoto wengi wa wakulima niliwaweka kwa wafugaji, na wa wafugaji kwa wakulima. Mvulana wa ile barua alikuwa mtoto wa mkulima. Nilijivunia uamuzi huo, na bado naamini kwamba "tulisema" ya barua yake ni neno ambalo hakuna zoezi lingine lingempa. Lakini wiki ya tatu mzazi mmoja alikuja shuleni. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwa upole kwamba mifugo imekula shamba lake mwaka ule, na mwanawe jioni humweleza sababu za wenye mifugo. Akauliza kama serikali ndiyo imeagiza. Nilimweleza ilivyo. Alinisikiliza, akaaga, na hakusema kama ameridhika.

Migogoro ya aina hiyo si ya kubuni. Katika Wilaya ya Kilosa, Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu. Nilikuwa nimewaingiza watoto katika jambo ambalo nyumbani kwao bado lilikuwa bichi, bila kumuuliza mzazi wala kiongozi yeyote, kwa kuwa katika andalio la somo liliitwa mchezo. Wanaosifia mbinu hii, Carnes akiwamo, huandika juu ya kuvaa dhima ya mwingine kama jambo la heri wakati wote. Athens ya Carnes iko mbali na New York kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Hakuna mzazi atakayekuja kuulizia shamba lake. Umbali huo una kazi katika mafanikio ya michezo yake kuliko anavyokiri.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuandaa mchezo wa pili unaochukua umbali huo kutoka katika historia ya pwani, yaani majibizano ya Kuduhu. Makundi ni Mombasa, Pate na Lamu; hatua za mchezo ni beti na barua; fumbo lisilofumbuliwa kwa muda uliowekwa huhesabiwa kuwa limempata mpokeaji. Tunajua kwamba Lamu ilishinda katika historia. Darasani haitalazimika kushinda, na mwishoni wanafunzi watalinganisha beti zao na yaliyotokea. Wasioamua nitawatafuta ndani ya miji yenyewe, ambako watu hawakuwa na kauli moja juu ya vita.

Linalobaki ni usahihishaji. Mitihani ya taifa humpima mwanafunzi mmoja, kwa andiko moja, lisilojibiwa, na hakuna mchezo utakaobadili hilo kwa sasa. Katika mzunguko mwingine wa mchezo wa kijiji niliweka utaratibu kwamba hakuna andiko linaloguswa na kalamu nyekundu mpaka lijibiwe kwanza na aliyeandikiwa, na jibu hilo libandikwe nyuma yake. Nilipokaa kusahihisha nilisoma mbele na nyuma kwa pamoja. Mara kadhaa nilikuta andiko ambalo kwa muundo lingepata alama za juu, na nyuma yake mpokeaji ameandika kwamba hakuelewa anaombwa nini. Andiko la namna hiyo bado sijui kwa uhakika lipewe ngapi.